Maziwa Yalipomkataa Mchumba wa Mjukuu Wangu

Kwa ukoo wa mume wangu, kijana anayekuja kuposa hasikilizwi kabla hajanywa maziwa. Na si maziwa ya kutia kwenye chai. Ng'ombe anakamwa yeye mwenyewe akiona, maziwa yanamiminwa kwenye kibuyu yakiwa bado na povu na joto la kiwele, mkubwa wa ukoo anamkabidhi mkononi, naye anakunywa mpaka chini huku wazee wakimtazama koo. Akimaliza anakigeuza kibuyu waone. Ndipo anaambiwa, haya, keti, sema. Kwetu nilikozaliwa ilikuwa hivyohivyo. Marehemu mume wangu alikunywa kwa baba yangu mpaka povu likamkaa puani. Nilikuwa nachungulia, nikacheka, shangazi akanizaba kofi.

Siku hizi hapa Ihumwa hatufanyi tena vile, na vijana wakiuliza sababu, kila mtu ana hadithi yake ya kutunga. Mimi nilikuwepo. Nitasema nilichokiona na nilichoelezwa, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mjini maduka yalijaa redio na mabeseni ya plastiki, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, hata maziwa ya boksi kutoka nchi za watu yalikuwepo, yanakaa dukani miezi bila kuganda. Nilinunua boksi moja nikayaonja, nikampa paka. Paka alinusa akaondoka zake. Miaka hiyohiyo shirika alilofanyia kazi mwanangu wa kwanza liliuzwa, akarudi nyumbani na godoro na sanduku la bati. Hakukaa sana, akaugua, tukamzika. Mkewe alikuwa ametangulia zamani. Kwa hiyo binti yao alikuwa wangu, na alikuwa wangu hata kabla ya hapo, maana nilimchukua tangu alipoachishwa ziwa.

Huyo mtoto nilimlea zizini. Nikikama, anasimama pembeni na kikombe chake cha bati, na nisipompa wa kwanza ananuna mpaka adhuhuri. Nilimchapa alipostahili. Shuleni alikuwa anashika mambo upesi kuliko baba yake, na alipochaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam kusoma mambo ya viumbe, nilimsindikiza stesheni bila kutoa chozi, halafu nikarudi njia nzima nalia, mpaka mwanamke mmoja akanipa pole ya msiba.

Mwaka wake wa mwisho akaja na habari ya mchumba. Kijana wa kusini kabisa, kule kwenye korosho na samaki, amekuja Dodoma mjini kufanya kazi ya umeme wa magari kwenye gereji ya mabasi. Nikamuuliza, "Ana ng'ombe?" Akacheka. "Bibi, kwao mbung'o wanaua ng'ombe. Hawafugi." Nikamwambia asicheke, nimeuliza swali la mtu mzima.

Lakini kijana alipokuja kunisalimia nilimpenda, siwezi kusema uongo. Alitengeneza redio yangu bila kuombwa. Aliniamkia akainama kweli, si kuinama kwa kuonyesha. Nikampikia ugali wa uwele na mlenda, akala akalamba vidole. Chai nilipomwekea akaniomba ya rangi. Nikadhani ni adabu, kwamba hataki kumaliza maziwa ya ajuza.

Siku ya posa alikuja na mjomba wake na rafiki mmoja wa gereji. Upande wetu alikaa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye aliyeshika mambo ya ukoo, pamoja na wadogo zake wawili. Shemeji alikuwa mtu mrefu, mkavu, hodari wa ng'ombe, na mtani mno kwa wajukuu. Alimwita mjukuu wangu mke wake, kama mababu wanavyofanya.

Kijana akaingia uani akatoa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Aliitamka vibaya lakini kwa nguvu.

Shemeji akacheka. "Nani kamfundisha huyu?"

"Mke wako," nikasema.

"Ahaa! Kumbe ndiye mwizi wangu. Kwenu mnakula nini, wewe mwizi?"

"Muhogo, Babu. Na samaki."

"Ndiyo maana miguu imekuwa ya korongo. Leo utakula chakula cha watu."

Mjomba mtu akajibu kwa utani kwamba wao si ndama hata wanyonyeshwe wakiwa na ndevu, wote wakacheka, mambo yakaenda vizuri. Ng'ombe akakamwa. Kijana akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akakigeuza. Shemeji akafurahi jinsi alivyokunywa bila kupumzika, akaagiza kijazwe tena. Hilo halikuwa lazima, ni furaha tu. Kijana akanitazama. Nikamfanyia ishara, kunywa. Akanywa.

Mjomba akaanza maneno yake. Alikuwa bado kwenye kushukuru wenyeji, tumbo la kijana likanguruma. Halikunguruma kidogo. Mbwa aliinua kichwa. Tukajifanya hatukusikia, likanguruma tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akajikunja, akasema, "Samahani, wazee," akakimbilia nyuma ya ua wa minyaa. Watoto wakaangua kicheko. Akarudi, akakaa, akaondoka tena mbio kuliko mwanzo.

Aliporudi mara hiyo shemeji hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama ameshika kibuyu, uso umebadilika kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba.

"Maziwa yamemkataa," akasema.

Wadogo zake wakavuta vigoda vyao nyuma. Wagogo wenzangu wataelewa kwa nini, na kama si wote, basi wa ukoo ule. Tulilelewa tukiambiwa kwamba maziwa ya zizi hayagombani na mtu wa nyumbani. Anayekataliwa na maziwa, ng'ombe watakufa mkononi mwake, na watoto wake hawatasimama. Sikuwahi kuona kwa macho yangu mtu aliyekataliwa. Lakini nililiamini neno hilo kama ninavyoamini kwamba uwele haupandwi kiangazi.

Shemeji akawaambia wageni waende salama. Neno la mwisho angelisema Jumapili baada ya ibada, lakini wasingoje kwa matumaini. Mjomba akauliza, "Kwa ajili ya tumbo, mzee wangu?" Shemeji akajibu, "Siyo tumbo lililosema."

Wakaondoka. Mjukuu wangu alikuwa ndani, amesikia yote kupitia ukutani. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, hajalia.

"Bibi, Babu akikataa, naolewa bomani."

"Ukiolewa bomani utarudi hapa kwa mlango upi?"

"Sitarudi."

Alilisema taratibu, na nilimjua. Yule mtoto hakuwa wa kutisha watu. Nikaona nyumba bila yeye, si kwa muhula mmoja, kwa siku zote zilizonibakia. Nikakasirika, maana mimi nikiogopa hukasirika. Nikamwambia alale, na nikamwambia amekosa adabu, na nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe la kusagia.

Asubuhi nilikwenda kukama. Akaja. Hakubeba kikombe, akabeba kamba ya kumfunga ng'ombe miguu. Akasimama pale anaizungusha mkononi.

"Bibi, nimekesha nawaza. Mimi nimejifunza hiki kitu darasani, nikajibu mtihani, nikashinda, halafu jana nimekaa ndani kama mjinga. Huyu mwanamume hakukataliwa na chochote. Naweza kukueleza."

"Nieleze wakati nakama. Na usitumie Kiingereza. Kama huwezi kunieleza mimi, babu yako hutamweza."

Akavuta pumzi. Akasema maziwa yana sukari yake ndani, ambayo tumbo la mtu haliwezi kuipokea nzima. Lazima ikatwe. Mtoto mchanga utumbo wake hutengeneza kimeng'enya cha kuikata. Isipokatwa inafika chini nzima, inachacha humohumo tumboni, inavuta maji, inatoa hewa. "Ndiyo ile ngurumo."

"Basi kijana wako kimekwisha hicho chake cha kukatia."

"Hakijaisha, Bibi. Amri ya kukitengeneza bado anayo. Haisomwi tu."

Hapo nikamwambia ng'ombe simama, maana nilikuwa nimekaza chuchu bila kujua.

Akainyoosha ile kamba kati ya mikono yake. Akasema ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu kuna uzi mrefu mwembamba usioonekana, na kwenye huo uzi amri zote za mwili zimeandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa. Kipande kimoja cha uzi ni amri ya kutengeneza kitu kimoja, na kipande hicho wanakiita jeni. Ipo jeni ya kile kimeng'enya cha maziwa. Iko katika utumbo, na iko katika jicho, na iko katika kucha.

"Katika kucha?" nikasema. "Mbona kucha hazikati maziwa?"

"Ndiyo hapo penyewe, Bibi. Umeuliza vizuri."

"Usinisifu. Jibu."

Akafunga fundo katikati ya kamba. "Hii ndiyo jeni." Halafu akaonyesha kwa kidole mahali padogo kabla ya fundo. Akasema kila jeni ina kizingiti chake, pale mbele, na kuna kitu kinachosoma amri, kama msomaji, ambaye haanzi kusoma popote tu, lazima asimame pale kwenye kizingiti. Na peke yake hasimami vizuri. Anateleza, anapita. Lazima waje wengine kwanza, protini zenye umbo kama mkono, zinazoshika uzi mahali maalumu. Zikishika barabara, zinamwita msomaji na kumtuliza, anaanza kusoma. Zikikosekana, jeni inakaa kimya hata kama ni nzima kabisa. Na zipo nyingine kazi yake ni kukalia mahali hapo ili msomaji asisogee.

"Sasa hiyo mikono inajuaje ishike wapi, kama uzi wote una herufi zilezile nne?"

"Inapapasa. Kila mkono una umbo lake, na herufi zikifuatana kwa mpango fulani, uzi unakuwa na vijibonde na vijinundu vinavyolingana na mkono ule. Haukai pengine. Wewe Bibi gizani unatoa chumvi na kuacha magadi, unajuaje?"

"Kwa vidole."

"Basi."

Nikakama nikitafakari. Nikamwambia, "Kwa hiyo katika kucha mikono hiyo haipo."

"Haipo ya kutosha, au mahali penyewe pamefungwa. Katika utumbo ipo. Mtoto akiwa ananyonya, ipo na imeshika, amri inasomwa mchana na usiku. Akiachishwa ziwa na kukua, kwa watu wengi duniani mikono inalegea, inaondoka, mingine ya kuzuia inakalia. Amri inanyamaza. Wanyama wote wanaonyonyesha wako hivyo, Bibi. Hata huyu ng'ombe. Ukimpa leo ndoo ya maziwa yake mwenyewe, ataharisha."

Nilimtazama ng'ombe. Nilimwonea haya kidogo, sijui kwa nini.

"Nani anaiambia mikono wakati wa kuondoka?"

"Amri nyingine. Mikono yenyewe inatengenezwa kwa jeni nyingine, ambazo nazo zina vizingiti na mikono yao."

"Na ya kwanza kabisa inaambiwa na nani?"

Akalikaza fundo la kamba. "Hapo wengine wanasema hivi na wengine vile. Mimi sijui, Bibi."

"Vizuri. Umesema hujui. Sasa niambie kwa nini mimi nakunywa na mvi hizi."

Hapo uso wake ulichangamka, akawa kama zamani na kikombe chake. Akasema zamani sana, kwa watu waliofuga na kuishi kwa maziwa, alizaliwa mtu ambaye uzi wake ulikuwa na herufi moja tofauti. Herufi hiyo haikuwa ndani ya jeni, wala kizingitini. Ilikuwa mbali, nyuma huko. Akaonyesha mwisho wa kamba, karibu na mkono wake wa kushoto. Nikamwambia huko ni mbali, mkono ukishika huko utasaidia nini kizingitini? Akaikunja kamba. Ule mwisho wa mbali ukaja ukagusa pale mbele ya fundo.

"Uzi unapinda," akasema. "Mkono ulioshika mbali unafika mlangoni. Na kwa ile herufi moja iliyobadilika, walimu wangu wanadhani mkono unashika kwa nguvu zaidi. Haulegei hata mtu akikua. Amri inaendelea kusomwa mpaka uzeeni. Mwaka wa njaa, aliyekuwa hivyo alikunywa akaishi, akazaa. Wewe ni wa uzao wake. Na mimi."

"Wanadhani, au wanajua?"

"Kwa Wazungu wameshaiona herufi. Kwetu huku bado wanaitafuta. Kwamba jambo liko kwenye kushika na kuachia, hilo wanajua."

Nilimaliza kukama nikainuka. Magoti yalilia. Nikamwambia alichosema nimekishika nusu, lakini nusu hiyo inatosha kwenda nayo kwa babu yake, na tutakwenda sasa hivi kabla hajapeleka ng'ombe malishoni.

Shemeji alikuwa zizini kwake, amekaa kwenye kigogo anachonga mpini. Alimpokea mjukuu kwa ukali wa kujilazimisha.

"Mke wangu, kama umekuja kulia, lia. Sibadiliki."

"Sijaja kulia, Babu. Nimekuja na kamba."

"Utanifunga?"

"Ukikataa kusikiliza."

Akasikiliza. Hakuacha kuchonga, lakini kisu kilikuwa kinapita palepale bila kutoa kitu. Mtoto alimweleza kama alivyonieleza, kwa kifupi, kamba ikinyooka na kupinda. Mimi nilinyamaza, isipokuwa pale alipoteleza akataja neno la Kiingereza, nikamwambia rudia kwa Kiswahili.

Alipomaliza, shemeji akasema, "Kwa hiyo damu yake ina kasoro."

"Hapana, Babu. Hapo ndipo watu wanapokosea. Jeni yake ni nzima, kila herufi iko mahali pake. Alipokuwa mchanga ilisomwa, alinyonya kwa mama yake kama sisi. Ilinyamazishwa tu, kama inavyonyamazishwa kwa watu wengi. Tukihesabu wanadamu wote, sisi wanywaji ndio wa ajabu."

"Na watoto wenu?"

Nilimwona anaikunja kamba kiganjani. Swali hilo alilijua litakuja. "Mtoto anapata uzi mmoja kwangu na mmoja kwake. Akipata kwangu ule wenye mkono usiolegea, mmoja tu unatosha, atakunywa. Mimi mwenyewe sijui kama nyuzi zangu zote mbili ziko hivyo au ni mmoja. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba wote watakunywa. Sitakudanganya, Babu."

Nilitaka kumkanyaga mguu. Aliyekwenda kuombea ndoa yake ndiye aliyekuwa anampa mzee sababu ya kukataa! Lakini ndivyo nilivyomlea, kwa hiyo wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Shemeji akaweka kisu chini. Akatazama ng'ombe wake kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mtu aliyezaliwa humu humu zizini. Baba yake mfugaji, babu yake mfugaji. Anaweza kuwa na ule uzi ulionyamaza?"

"Anaweza, Babu. Si kila mfugaji alirithi ile herufi. Wapo wengi tu."

"Na huyo akinywa mgando hadhuriki?"

"Mgando umeshachachuka. Vijidudu vya kibuyuni vimeikata sehemu ya ile sukari kabla hujameza. Watu wengi wa namna hiyo wanauvumilia."

Shemeji akafuta uso kwa kiganja. Alikuwa mzee wa kuogopwa. Nilikuwa nimempikia na kumpakulia miaka na miaka, na kila siku alisema maziwa mabichi ni ya watoto na wanawake, mwanamume anakula mgando. Tulimwamini. Vijana wa ukoo walimwiga.

"Nilipotoka jandoni," akasema, "tulipelekwa kambini kuchunga. Chakula ni maziwa tu. Wenzangu walinenepa. Mimi tumbo lilinikata kama kisu. Nikawa nangoja wasinitazame, namwagia mbwa. Mbwa wangu alikuwa mnene kuliko mbwa wote." Akacheka, halafu hakucheka. "Nilidhani nimekataliwa. Nilipooa nilikwenda kwa wakwe, nikanywa, nikabana mpaka nikapoteza fahamu njiani kurudi. Na mtoto wangu wa kwanza alipokufa, na wa pili, sikumwuliza mganga wala padri. Nilijua sababu. Ni mimi, maziwa yalinikataa, nami nikaficha."

Mjukuu wangu aliiachia kamba. Akapiga magoti kwenye samadi, na nguo yake ya chuo, akamshika miguu. "Babu, watoto hawakufa kwa hilo. Sikiliza. Hakuna mtoto anayekufa kwa sababu baba yake hawezi maziwa. Hakuna, Babu."

"Una hakika? Au wanadhani?"

"Hili nina hakika."

Mimi niligeuka nikawa natazama upande wa reli. Mimi na mama yao tuliwazika wale watoto, nilijua ilikuwa surua. Kila mtu alijua ilikuwa surua. Kumbe mwenye nyumba alikuwa amebeba jambo jingine peke yake umri wote huo, na jana alipomwona kijana anakimbilia minyaa, alijiona mwenyewe. Ule uso wa mtu aliyeona nyoka. Hakuwa anamchukia kijana. Alikuwa anamwogopea mjukuu.

Shemeji akamwinua mjukuu. "Inuka, umechafuka. Mwambie mwizi wangu Jumapili aje na watu wake. Ila ukimwambia habari za mbwa, nitakuchapa mbele yake."

"Nisimwambie hata kidogo?"

"Nitasema mwenyewe."

Sikuamini. Mwanamume wa umri ule, mbele ya wadogo zake na wageni wa kusini? Njiani kurudi nilimwambia mtoto asitegemee sana, babu yake anaweza kulala akaamka na moyo mwingine. Akasema anajua. Usiku ule na uliofuata hakula kitu cha maana.

Jumapili wakaja. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe, macho chini, na naamini alikuwa amefunga tangu jana yake asije akaaibika. Wadogo wa shemeji walikaa wamekunja nyuso, maana wao hawakuelezwa lolote. Ng'ombe akakamwa kama desturi. Kibuyu kikaletwa kwa shemeji, kina povu. Mimi na mjukuu wangu tulikuwa ndani, tumebana masikio ukutani kama wasichana wadogo. Niliona kupitia ufa.

Shemeji akakipokea. Kijana akanyoosha mikono miwili kukipokea, tayari kunywa tena, na kufa kama ni kufa. Kwa hilo peke yake ningempa mjukuu.

Lakini shemeji hakumpa. Alikiweka chini kati ya miguu yake.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi maziwa mabichi siyawezi. Tangu ujana wangu siyawezi. Nikinywa napatwa kama alivyopatwa huyu kijana. Nimewaficha."

Mdogo wake mmoja akasema, "Kaka, unatania."

"Leo sitanii. Ng'ombe wangu si mnawaona? Wamekufa mkononi mwangu? Basi neno lile nililosema juzi nalirudisha. Katika nyumba hii anayeweza atakunywa, asiyeweza atapewa mgando, na hakuna atakayemtazama mwenzake koo." Akamgeukia kijana. "Mgando unaujua?"

"Sijawahi kuonja, Babu."

"Utaanza kidogo. Kijiko. Siyo kama juzi, ulikunywa kama gari linatiwa mafuta."

Rafiki wa gereji ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia mjomba, kisha hata wadogo wa shemeji waliokunja nyuso. Shemeji akawaacha wacheke wakamaliza. Akajinyoosha, akashika fimbo yake ya uzee, akamwambia mjomba, "Haya. Juzi tulikukatiza ukiwa kwenye kushukuru wenyeji. Shukuru upesi, utaje na kilichowaleta."

Nilimwambia mjukuu wangu asitoe sauti, wageni watasikia. Alinishika mkono juu ya kiwiko akabana mpaka pakauma, akatoa sauti.